Lugha Usiyolazimika Kuijua

Kila Septemba vyuo vikuu vya Barcelona hupokea vijana wa kigeni waliojiandaa barabara kwa lugha isiyo yenyewe. Wamesoma Kihispania miaka miwili au mitatu, vyeti wanavyo, nyimbo za Kolombia na Puerto Rico wameziimba hadi maneno yamekaa kichwani. Siku ya kwanza ya masomo mhadhiri anaingia, anasema "bon dia", anawasha projekta, na kwa saa nzima kijana wa Ujerumani, wa Brazili au wa Morocco anasikiliza kitu kinachofanana na Kihispania, kinachonukia Kifaransa, na ambacho kinampita.

Ni Kikatalani. Kabla wiki haijaisha itabidi aamue. Anaweza kuhamia kundi linalofundishwa kwa Kihispania au Kiingereza, kama lipo. Anaweza kumwomba mhadhiri abadilishe lugha, ombi ambalo limezua mivutano katika kumbi nyingi za mihadhara za Katalunya, kwa sababu lugha ya kila kozi hutangazwa mapema na wanafunzi wenyeji wameichagua kozi hiyo wakijua. Au anaweza kujiandikisha katika darasa la wanaoanza, ngazi ya A1 kwenye vipimo vya lugha vya Ulaya, akaanza upya kujifunza kutaja jina lake, umri wake na anakotoka.

Makala haya yanawahusu wanaochagua njia hiyo ya tatu. Si wengi, na sababu inaeleweka. Mjini Barcelona unaweza kupanga chumba, kununua mkate, kutibiwa, kuchumbia na hata kuoa bila neno moja la Kikatalani, kwa kuwa wenyeji wote wanakijua Kihispania. Anayejifunza Kikatalani chuoni anajifunza lugha ambayo hakuna anayemlazimisha kuijua. Ugumu wake mkubwa upo hapo, si kwenye sarufi.

Kwanza tuondoe dhana moja. Kikatalani si lahaja ya Kihispania, wala si Kihispania kilichochanganywa na Kifaransa. Ni mtoto wa Kilatini kama hizo nyingine, aliyekulia kando ya milima ya Pirenei, akashuka na pwani hadi Valencia na kuvuka bahari hadi Mallorca. Leo kina wasemaji wapatao milioni 10. Kinasemwa Katalunya, Valencia, visiwa vya Baleari, ukanda mwembamba wa mashariki mwa Aragon, eneo la Perpignan lililo upande wa Ufaransa, na hata Alghero, mji wa pwani kisiwani Sardinia. Huko Andorra, ile nchi ndogo ya milimani yenye wakuu wa nchi wawili, Rais wa Ufaransa na Askofu wa Urgell, Kikatalani ndicho lugha rasmi pekee. Kwa wingi wa wasemaji kinazipita lugha za Denmark na Finland, lakini si lugha rasmi ya Umoja wa Ulaya. Serikali ya Hispania iliomba kipewe hadhi hiyo mwaka 2023, na ombi la namna hiyo linahitaji kura ya kila nchi mwanachama.

Msomaji wa kwetu anayeishangilia Barcelona amekuwa akikitumia bila kujua. "Visca el Barça" ni Kikatalani. "Més que un club", maneno yanayosomeka kwenye viti vya Camp Nou, ni Kikatalani. Wimbo wa klabu wa mwaka 1974 ni Kikatalani. Na ile ç yenye mkia katika Barça, ambayo wachoraji wa mabango ya vibanda umiza huiandika c tupu, husomwa s. Mwanzilishi wa klabu mwenyewe alikuwa mgeni aliyejifunza lugha hii. Hans Gamper, Mswisi kutoka Winterthur, alifika mjini mwaka 1898, akaanzisha klabu mwaka uliofuata, akajifunza Kikatalani na jina lake akaligeuza kuwa Joan.

Yupo? Hi és?

Kwa msemaji wa Kiswahili mlango wa kuingilia si mwembamba. Wahispania huandika ñ, Wakatalani huandika ny kama sisi: Catalunya, Espanya, muntanya. Msomaji wa Tanga au Bukoba atayatamka maneno hayo sawasawa kabla hajafundishwa, wakati Mwingereza wa darasa lake bado anahangaika. Herufi x mwanzoni mwa neno huwa sh, kwa hiyo xocolata inajieleza yenyewe. Msamiati nao una wenyeji wetu wa zamani, maneno ya Kiarabu yaliyoingia pande zote mbili: sukari ni sucre, zafarani ni safrà. Na Mswahili wa Lubumbashi, Bujumbura au Goma aliyesoma kwa Kifaransa ana mtaji zaidi. Parlar ni kuongea, menjar ni kula, formatge ni jibini, finestra ni dirisha. Kwenye gazeti ataelewa nusu ya vichwa vya habari wiki ya kwanza.

Shida huanza na irabu. Kiswahili kina tano, na kila moja husikika ilivyoandikwa. Kikatalani cha Barcelona kina nane, na ya nane ndiyo inayosumbua: a na e zisizo na mkazo humezwa, zikawa mlio mmoja hafifu wa katikati ya kinywa ambao Kiswahili hakina kabisa. O isiyo na mkazo hugeuka u. Jina la Barcelona lenyewe, kinywani mwa mwenyeji, lina irabu moja tu iliyo wazi, ile o ya katikati; zilizobaki zinafifia. Mtu aliyezoea kutamka kila silabi kwa haki yake, kama tunavyofanya sisi, atasikika kama mtu wa Valencia, ambako irabu hazimezwi hivyo. Si aibu. Walimu wengine huwaambia wanafunzi wa namna hiyo wabaki na matamshi ya Valencia, na mimi naona ni ushauri mzuri.

Mkazo nao haukai mahali pamoja. Sisi tunauweka silabi ya pili kutoka mwisho, basi, mjadala umefungwa. Kikatalani kinasema taula mkazo mwanzoni, cafè mkazo mwishoni, música mkazo mwanzoni kabisa, na alama za juu ya herufi zinaelekea kulia au kushoto kutegemea irabu ikiwa wazi au imebanwa. Kuna pia nukta inayoning'inia katikati ya l mbili, kama katika intel·ligent na col·legi. Abiria wa treni ya chini ya ardhi huiona katika jina la kituo cha Paral·lel. Kwenye kibodi za Hispania nukta hiyo ipo juu ya namba 3, na anayeanza huitafuta wiki nzima.

Kuna somo moja ambalo walimu wa ngazi ya mwanzo hulisubiri kwa tabasamu. Kihispania, Kifaransa na Kiingereza vyote hutumia kitenzi cha kwenda kuelezea jambo litakalotokea. Kikatalani hutumia kitenzi hichohicho kuelezea jambo lililopita. "Vaig dormir" ni "nililala". "Vaig pagar" ni "nililipa". Mfaransa mezani akisikia rafiki yake akisema "vaig pagar" anadhani ameahidiwa kulipiwa, anaagiza na kahawa, kumbe mwenzake anasimulia habari za jana. Wakitaka kusema wanakwenda mahali ili kulipa, wanaongeza herufi moja, "vaig a pagar", na hapo ni miguu inayotembea kweli. Msemaji wa Kiswahili aliyezoea -li- na -ta- hana mtego huo, labda awe amekwisha kuutega mwenyewe kupitia Kiingereza.

Halafu vinakuja vile vijineno vya kushikiza kitenzi: hi, en, ho. Vitabu vya Kiingereza huvitengea sura ndefu zenye majedwali, na wanafunzi wa Uingereza huvilalamikia hadi mwaka wa mwisho. Sisi tunavijua kwa sura nyingine. Ukipiga simu kwa Wakatalani kumuulizia Maria unasema "que hi és, la Maria?", na hiyo hi inafanya kazi ileile ya -po katika "Maria yupo?" Ukiulizwa kama una vitabu, huwezi kujibu "tinc dos", nina viwili, ukaishia hapo. Ni lazima en iingie kuvibeba vile vitabu: "en tinc dos". Ni kama tunavyosema "ninavyo viwili", na masikio yetu yanajua kwamba bila -vyo jibu lina pengo. "N'hi ha tres" ni "vipo vitatu". Ukweli ni kwamba vijineno hivi vikianza kubebana viwili viwili, mbele ya kitenzi au nyuma yake, hata wenyeji hukosea na kubishana. Lakini wazo lenyewe, kwamba kitenzi hubeba alama ya kitu na ya mahali, Mswahili amekua nalo.

Na saa! Huku kwetu tumechoka kuwaeleza wageni kwa nini saa moja asubuhi ni saa moja. Wakatalani wana lao. Hawahesabu robo zilizopita baada ya saa; wanahesabu robo zilizokwisha kuingia ndani ya saa inayokuja. "Dos quarts de cinc", robo mbili za tano, ni saa kumi na nusu kwa saa zetu, kwa sababu saa yao ya tano imeshafika nusu. "Tres quarts de cinc" ni saa kumi na dakika arobaini na tano. Mwanafunzi kutoka Mombasa ana hesabu mbili za kufanya kabla hajajua kama amechelewa. Valencia hawana habari na hizo robo. Wanasema nne na nusu, wanaendelea na shughuli zao.

Mhandisi na wakimbizi

Lugha anayofundishwa mwanafunzi wa A1 ilipangwa na mtu ambaye hakusomea lugha chuoni. Pompeu Fabra, aliyezaliwa mwaka 1868 huko Gràcia, wakati huo mji wa pembeni ya Barcelona, alikuwa mhandisi wa viwanda na kwa miaka kadhaa alifundisha kemia Bilbao. Kikatalani wakati huo kilikuwa na washairi wazuri na tahajia ya kila mtu na lake. Taasisi ya Taaluma za Kikatalani, Institut d'Estudis Catalans, iliundwa mwaka 1907. Kanuni za tahajia zikatoka 1913, sarufi ya Fabra 1918, kamusi yake 1932. Msomaji anayekumbuka Kamati ya Lugha ya mwaka 1930, iliyosanifisha Kiswahili kwa msingi wa Kiunguja, anaijua kazi ya namna hii na malalamiko yanayoifuata. Mombasa walikuwa na Kimvita chao na tungo za karne nyingi. Valencia nao walikuwa na karne ya kumi na tano iliyojaa waandishi wakubwa. Hadi leo lugha yao wanaiita Kivalensia, wana akademia yao iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1998, na mwanafunzi anayehamia huko kutoka Barcelona ataona kwamba mvulana si noi tena bali xic, na akivuka kwenda Mallorca atamkuta al·lot. Kitabu cha kiada hutaja mambo haya kwenye kisanduku pembeni mwa ukurasa. Wangeyapa nafasi zaidi.

Mwaka 1939 majeshi ya Jenerali Franco yalishinda vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Hispania. Kikatalani kikaondolewa mashuleni, maofisini, magazetini na katika redio. Fabra alivuka mpaka akiwa na umri wa zaidi ya miaka 70 na kufariki katika mji mdogo wa Prada, upande wa Ufaransa, siku ya Krismasi ya mwaka 1948. Ukali wa mwanzo ulilegea kidogo kidogo, vitabu vikaanza kupita, lakini hata mwaka 1968 Joan Manuel Serrat alipotaka kuimba kwa Kikatalani katika shindano la Eurovision, alikataliwa. Akagoma. Akapelekwa Massiel, akaimba wimbo uleule kwa Kihispania na akashinda.

Wakati shule za Barcelona haziruhusiwi kukifundisha, Kikatalani kilikuwa kikipata viti katika vyuo vikuu vya nje, na wengi wa waliokipeleka huko walikuwa watu waliomkimbia Franco. Daktari mpasuaji Josep Trueta, aliyejulikana kwa namna yake ya kutibu majeraha ya vita, alipata uprofesa Oxford. Mwanahistoria Josep Maria Batista i Roca alifundisha Cambridge. Joan Coromines, aliyekuja kuandika kamusi kubwa ya asili ya maneno ya Kikatalani, alifundisha Chuo Kikuu cha Chicago. Muuza vitabu Joan Gili, aliyekuwa akiishi Uingereza, alichapa mwaka 1943 kitabu cha sarufi ya Kikatalani kwa wasomaji wa Kiingereza, katikati ya vita vya dunia, karatasi ikiwa ya kugawiwa kwa kipimo. Mwaka 1954 jumuiya ya Waingereza na Wakatalani iliundwa, na mwaka 1975, mwaka aliokufa Franco, Alan Yates wa Chuo Kikuu cha Sheffield alitoa kitabu cha kujifundisha Kikatalani ambacho kilisomesha kizazi kizima cha wanafunzi.

Kwa hiyo kijana wa Uingereza anayechagua Kikatalani leo, kwa kawaida kama somo la hiari ndani ya shahada ya Kihispania, anaingia darasa lililoachwa na wakimbizi. Kasi yake ni kubwa. Kwa kuwa Kihispania anacho tayari, muhula wa kwanza unamaliza mambo ambayo kwa lugha ngeni kabisa yangechukua mwaka, na baada ya hapo anapewa riwaya. Mara nyingi ni La plaça del Diamant ya Mercè Rodoreda, iliyotoka mwaka 1962. Rodoreda aliiandika akiwa uhamishoni Geneva, akimpa usemi mwanamke wa kawaida wa Gràcia anayepita vitani, na sauti yake ni ya mazungumzo, sentensi zinazofuatana kwa "na… na…" kama mtu anayesimulia jikoni. Kwa mwanafunzi wa mwaka wa kwanza hiyo ni neema, kwani kurasa za kitabu kikubwa cha fasihi zinasomeka kwa sarufi aliyonayo.

Tangu mwaka 2002 taasisi ya umma iitwayo Institut Ramon Llull husaidia vyuo vya nje kuajiri wahadhiri wa Kikatalani na kuendesha mitihani ya vyeti katika miji ya nchi nyingi. Jina lake limechaguliwa kwa akili. Ramon Llull, mzaliwa wa Mallorca katika karne ya kumi na tatu, alikuwa yeye mwenyewe mwanafunzi wa lugha aliyeanza ukubwani: akiwa na miaka thelathini hivi alianza kujifunza Kiarabu, akakisoma miaka tisa, na baadaye akaandika vitabu kwa Kikatalani, Kilatini na Kiarabu. Mwaka 1276 alipata idhini ya kuanzisha huko Miramar, kisiwani Mallorca, chuo cha kuwafundisha watawa Kiarabu. Mwalimu wake, ni vizuri kukumbuka, alikuwa mtumwa Mwislamu aliyemnunua, na habari yao iliishia kwa ugomvi na kifo cha yule mwalimu gerezani.

Jembe ambalo mgeni hapewi

Turudi Barcelona, kwa sababu kinachomshinda mwanafunzi wa A1 hakipo darasani.

Darasani mambo ni mepesi. Mwalimu anaongea Kikatalani tangu dakika ya kwanza, anachora, anaigiza, anarudia. Waitaliano wanakimbia mbele. Watu wa Mexico na Argentina wanaelewa kila kitu na kusema kidogo, kwa kuwa kila sentensi inayotaka kutoka inatoka kwa Kihispania. Mchina anakwenda taratibu, lakini anachokijenga kinasimama, maana hana lugha jirani ya kumvuruga. Kozi ya msingi katika madarasa ya umma ya watu wazima hupangiwa saa 45, na vyuo vikuu vina kozi zao, nyingine za mfululizo kabla muhula haujaanza, mara nyingi bure au kwa ada ndogo kwa wanafunzi wa kubadilishana. Asiyeweza kufika darasani ana Parla.cat, kozi ya intaneti iliyofunguliwa mwaka 2008. Vifaa havikosekani.

Kisha mwanafunzi anatoka nje, anaingia mkahawani, anaomba kwa Kikatalani alichokifanyia mazoezi asubuhi nzima: "un cafè amb llet, si us plau." Mhudumu anamsikia lafudhi, anatabasamu, anajibu kwa Kihispania. Anakwenda maktaba: Kihispania. Anamuuliza mwanafunzi mwenzake njia: Kihispania. Si dharau, ni adabu. Watu wazima wengi wa Katalunya walilelewa katika desturi ya kumgeukia kwa Kihispania mtu yeyote anayeonekana au kusikika kuwa wa nje, na mtu mweusi hugeuziwa kabla hajafungua kinywa, hata awe mzaliwa wa palepale. Desturi hiyo ilijengwa miaka ambayo kusema Kikatalani mbele ya asiyekijua kungeweza kukuletea matatizo, na imebaki baada ya sababu yake kuondoka. Wahenga wetu walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Wakatalani wengi hawampi mgeni jembe la lugha yao hata mwaka wa tatu, wakidhani wanamhurumia, halafu wanasikitika kwamba wageni hawalimi.

Wageni wanaojifunza Kiswahili Nairobi na Dar es Salaam wanaijua hali hii. Mtu amejikusanya, amepanga ngeli zake, na anajibiwa kwa Kiingereza. Lakini kwetu Kiswahili hakipotezi kitu; kina makumi ya mamilioni ya watu wasio na lugha nyingine ya kuzungumza na jirani wa kabila jingine. Kikatalani kinapoteza. Utafiti wa serikali ya Katalunya unaofanyika kila miaka mitano ulionyesha kwamba mwaka 2003 asilimia 46 ya watu wazima walisema Kikatalani ndicho lugha yao ya kila siku. Mwaka 2023 walikuwa takribani asilimia 33. Si kwamba watu wameisahau: zaidi ya asilimia 90 wanaielewa. Idadi ya watu imekua kutoka milioni sita na kitu mwanzoni mwa karne hadi milioni nane, karibu ongezeko lote likiwa la wahamiaji, na wahamiaji hao wamepewa Kihispania kwa adabu ileile ya mhudumu wa mkahawa.

Ndiyo maana, kwa maoni yangu, kitu chenye manufaa kuliko vyote anachoweza kufanya anayeanza ni kutafuta mtu mmoja aliyekubali kutobadilisha lugha. Wakatalani wenyewe wameligundua hilo na kulipangia utaratibu. Tangu mwaka 2003 kuna mpango wa kujitolea unaowaunganisha watu wawili wawili, mwenyeji na mwanafunzi, wakutane angalau saa 10, kwa kawaida saa moja kwa wiki, waongee Kikatalani tu. Hakuna mtihani, hakuna kitabu. Wanatembea, wanakunywa kahawa, wanakwenda sokoni. Vyuo vikuu navyo vina jozi za namna hiyo kwa wanafunzi wao. Mwenyeji halipwi, anachotakiwa ni kuvumilia ukimya wa mwenzake anayetafuta neno, na kujizuia asimwokoe kwa Kihispania. Kwa watu waliolelewa kuokoa, hiyo ni kazi.

Msaada mwingine ni televisheni. TV3 ilianza kurusha matangazo Septemba 1983, na watoto wa miaka ya 1990 waliojifunza Kikatalani kutokana na katuni za Kijapani za Dragon Ball sasa ni walimu na madaktari. Leo mwanafunzi anaweza kuangalia tamthilia ya Merlí, ya miaka ya 2015 hadi 2018, yenye mwalimu wa falsafa asiyefuata utaratibu, na akapata kwa saa chache lugha ya vijana ambayo kitabu cha kiada hakithubutu kuichapa.

Na wapo waliofika mbali. Najat El Hachmi alizaliwa katika mkoa wa Nador, Morocco, mwaka 1979, akahamia mji wa Vic, Katalunya, akiwa na miaka minane. Mwaka 2008 riwaya yake L'últim patriarca ilishinda tuzo ya Ramon Llull, mojawapo ya tuzo kubwa za uandishi wa Kikatalani. Matthew Tree, Mwingereza aliyehamia Barcelona miaka ya 1980, ameandika riwaya na insha kwa lugha hiyo na kuwa sura ya kawaida kwenye redio na televisheni zao. Sisemi kila mwanafunzi wa A1 atakuwa mwandishi. Wengi watafika ngazi ya kati, B1, watatosheka, watarudi makwao. Lakini hata huyo wa B1 amesikia mihadhara ambayo mwenzake aliihama, ameelewa utani wa maktaba, ameingia nyumba za watu badala ya baa za wanafunzi wa kigeni peke yake. Anayetaka kubaki na kufanya kazi shuleni, hospitalini au katika ofisi ya umma atatakiwa cheti, kwa kawaida cha ngazi za juu, na njia yake inaanzia palepale pa kutaja jina.

Kwa kijana wa Afrika Mashariki aliyepata ufadhili wa kwenda kusoma Barcelona, Girona, Lleida, Tarragona au Valencia, mambo matatu ya kumsaidia. Angalia lugha ya kila kozi kabla ya kujiandikisha, maana imeandikwa. Lakini usiiogope, kwa kuwa Katalunya sheria ya mwaka 1998 inampa mwanafunzi na mwalimu kila mmoja haki ya kutumia lugha rasmi anayoitaka, na unaweza kusikiliza mhadhara kwa Kikatalani ukaandika mtihani kwa Kihispania. Omba nafasi ya darasa la A1 wiki ileile unayofika, usingoje muhula wa pili. Na mtu akikugeuzia Kihispania, mwambie "en català, si us plau", umngoje aendelee. Mara ya kwanza atashangaa. Wengi wao watafurahi kuliko unavyodhani, na mazungumzo yatakwenda.